Maji ya kunywa katika nyumba ya wamisionari Kigoma: mwongozo kamili, kutoka paa hadi kikombe

Familia ya kimisionari inafika Kigoma na chujio la bei mbaya ndani ya sanduku, na kabla mwezi haujaisha watoto wanaharisha. Usharika unasema ni dagaa, familia inasema ni bomba, na dada wa kazi ananyamaza kwa sababu anajua atakayelaumiwa mwisho ni yeye. Chujio huwa halina kosa. Maji yalisafishwa vizuri, yakachafuliwa upya kati ya sufuria na kikombe. Kosa la pili hujulikana mwezi wa saba: tenki la mvua limekauka kwa sababu maji yake yalitumika kudekia na kufulia, na familia inarudi kwenye madumu ya ziwani bila kujipanga.

Mwongozo huu ni wa kamati za usharika zinazoandaa nyumba, wa familia zenyewe, na wa dada au kaka anayefanya kazi humo. Msingi wake ni mmoja: nyumba iwe na maji ya aina mbili, ya kunywa na ya matumizi, na yasikutane popote.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla familia haijashuka kwenye treni

Kwa nje:

- Simtank jeusi la lita 5,000 la mvua, na lingine la lita 1,000 au 2,000 la maji ya bomba.
- Gata za upande mmoja wa paa, vishikizo vyake, na bomba la plastiki la inchi 4 la kushushia maji.
- Pipa au dumu la lita 30 hadi 40 la kupokea maji ya kwanza ya mvua.
- Wavu wa mbu wa plastiki au wa chuma kisichoshika kutu.
- Koki mbili za shaba. Za plastiki hupasuka juani ndani ya mwaka mmoja au miwili.
- Saruji, kokoto na mchanga wa kujengea kitako cha tenki.

Kwa jikoni:

- Sufuria moja kubwa yenye mfuniko, ya kuchemshia maji tu.
- Ndoo mbili za lita 20 zenye mfuniko na koki.
- Chujio la mishumaa ya udongo (silinda za udongo ambazo maji hupenya na uchafu hubaki nje), kama lipo. Si lazima.
- WaterGuard (dawa ya klorini ya kutibu maji ya kunywa), au vidonge vya klorini vya miligramu 67.
- Dawa ya klorini ya kufulia, asilimia 3.5, isiyo na manukato wala rangi.
- Brashi laini, kitambaa safi cha pamba au kanga iliyochakaa, na kichanja cha kuanikia vyombo.
- Dumu la lita 5 la kutengenezea kibuyu chirizi, yaani chombo cha kunawia mikono kinachochuruzisha maji.

Fedha zisipotosha vyote, anza na ndoo zenye koki. Tenki linaweza kungoja mwaka mmoja. Ndoo ya kuchota kwa kikombe haifai kungoja hata siku moja.

## Hatua ya 1: Piga hesabu ya maji kabla ya kununua tenki

Kamati nyingi hununua tenki kwa kuangalia fedha iliyobaki, halafu zinashangaa maji yanapoisha. Hesabu yenyewe ni nyepesi.

Mtu mmoja anahitaji karibu lita 5 kwa siku za kunywa, kupikia na kupigia mswaki. Familia ya watu watano ni lita 25. Kigoma kiangazi hukaza kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Oktoba, yaani siku kama 150. Zidisha: lita 3,750.

Ongeza wageni. Nyumba ya mmisionari haina Jumapili ya peke yake: wazee wa kanisa, kwaya, akina mama wanaopita kumsalimu mama mchungaji. Weka lita 20 kwa kila wiki, ambazo kwa msimu mzima ni kama lita 420. Ongeza na maji ya chini ya koki yasiyotoka, lita 200 hadi 300. Unafika karibu lita 4,450. Ndiyo maana tenki la lita 5,000 linatosha, na la lita 2,000 litakauka Julai hata mkijibana vipi.

Sasa upande wa paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati hutoa lita moja. Toa sehemu ya tano inayorukia nje na kukauka. Upande mmoja wa paa wenye mita za mraba 60, mvua ya milimita 20 ikinyesha, unakupa lita 960. Milimita 105 hivi zinajaza tenki lote, na kiasi hicho Kigoma hukipata ndani ya mwezi mmoja mvua zikishika vizuri. Kwa hiyo hakuna haja ya kuweka gata paa zima. Chagua upande mmoja ulio safi.

Upande safi ni upi? Ni ule usio na mwembe wala mchikichi juu yake, usiolaliwa na kunguru, na usio na popo kwenye kofia ya paa. Kama bati lilipakwa rangi zamani na hakuna anayejua ni rangi gani, maji ya upande huo yaende kwenye kufulia.

## Hatua ya 2: Jenga kitako cha tenki kwanza

Lita 5,000 ni tani tano. Tenki likiwekwa juu ya udongo uliosindiliwa kwa miguu, mvua za Novemba zitalainisha upande mmoja, tenki litainama, na mahali linapopasukia ni pale bomba lilipoungwa.

Mwaga zege lenye unene wa sentimita 15, pana kuliko tenki kwa sentimita 15 kila upande. Kinyanyue hadi sentimita 60 kutoka ardhini ili ndoo ikae chini ya koki bila kuchimba shimo. Shimo hilo ndilo hugeuka dimbwi la mbu. Acha zege likomae kwa kulimwagilia siku saba kabla ya kuweka tenki. Pitisha mkono juu yake: kokoto moja iliyochomoza inatosha kutoboa kitako cha plastiki likijaa.

Koki itobolewe sentimita 10 hivi juu ya sakafu ya tenki. Mafundi wengi huishusha hadi chini kabisa wakidhani wanaokoa maji, kumbe wanavuta tope linalotulia pale.

Utajua umefaulu ukijaza tenki robo, ukaacha usiku kucha, na asubuhi ukuta wake bado umesimama wima ukipimwa kwa timazi.

## Hatua ya 3: Gata, na pipa la maji ya kwanza

Gata iteremke sentimita moja kwa kila mita moja au mbili kuelekea bomba. Isipoteremka maji hutuama, majani huoza, na mbu huzaa juu ya kichwa chako. Ikiteremka mno, mvua kubwa huruka juu yake. Weka kishikizo kila baada ya sentimita 60 hadi 80, maana upepo unaotangulia mvua ukitoka ziwani hung'oa gata iliyoshikwa kivivu.

Sehemu ambayo mafundi huiruka ni pipa la maji ya kwanza. Mvua inapoanza huosha vumbi la kiangazi kizima, kinyesi cha ndege na mijusi iliyokufa. Maji hayo yasiingie tenkini. Kipimo ni nusu lita kwa kila mita moja ya mraba ya paa. Kwa mita 60 ni lita 30.

Fanya hivi: kabla bomba halijafika kwenye tenki, weka kiungo cha T. Mdomo wa chini uende kwenye pipa lililofungwa vizuri, mdomo wa pembeni uende tenkini. Maji ya kwanza hujaza pipa. Likijaa, yanayofuata hupita juu kwenda tenkini. Chini ya pipa toboa tundu la milimita 2 au 3 ili lijimwage lenyewe polepole kabla ya mvua ya kesho. Bila tundu hilo, pipa hubaki limejaa tangu mvua ya kwanza ya Oktoba na halifanyi kazi tena mpaka mwaka mwingine. Hakikisha pia tundu halijaziba: baada ya kila mvua kubwa, angalia kama linadondosha.

Mdomo wa kuingilia na ule wa kufurikia vyote vifungwe wavu wa mbu. Mfuniko wa tenki ukae na kitasa kama kuna watoto. Tenki lililo wazi ni hatari kwa mtoto kuliko ziwa, kwa sababu hakuna anayelichunga.

## Hatua ya 4: Safisha tenki mwishoni mwa Septemba

Usingoje mvua ianze. Safisha tenki likiwa karibu tupu.

1. Toa maji yaliyobaki uyatumie kudekia.
2. Sugua kuta kwa ufagio mrefu kupitia mdomo wa juu, kisha toa tope lote.
3. Changanya lita 10 za maji na mililita 60 za dawa ya klorini ya asilimia 3.5, yaani vijiko vinne vya chakula. Sugua kuta zote kwa mchanganyiko huo na uuache dakika 30.
4. Suuza mara mbili, ukifungua koki ili maji ya dawa yapite na kwenye bomba.

Onyo. Mtu asiingie ndani ya tenki lenye dawa. Hewa ya klorini ndani ya plastiki iliyofungwa inaweza kumwangusha mtu mzima, na anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Pia usichanganye dawa hiyo na dawa ya kusafishia choo yenye asidi; hutoa gesi ya sumu.

Mvua mbili za kwanza za msimu ziache ziende kwenye bustani, hata pipa likifanya kazi. Uchungu wa kuyaona yakimwagika utaisha.

## Hatua ya 5: Tenki la pili lisiungane na la kwanza

Hapa ndipo fundi bomba mwenye nia njema huharibu kila kitu. Anaona tenki mbili, anaziunganisha kwa bomba moja “ili maji yasikosekane”. Kuanzia hapo huna maji ya kunywa. Una maji ya kufulia lita 7,000.

Maji ya bomba Kigoma mjini hutoka ziwani. Yatumie kuogea, kufulia, chooni na bustanini. Liweke tenki lake juu ya mnara wa mita mbili au tatu, ili umeme ukikatika na pampu ikasimama, bafu liendelee kutoa maji. Paka koki yake rangi nyekundu. Ya mvua, bluu. Rangi hufanya kazi kuliko tangazo la maandishi, maana wanaochota ni pamoja na watoto wa miaka minne na wageni wa usiku.

Familia ikichota maji ufukweni kwa madumu, kuna kichocho cha kufikiria. Vijidudu vyake huingia kwa ngozi, kwa hiyo hata kuogea kuna hatari. Maji hayo yakae kwenye chombo kilichofunikwa saa 48 kabla ya kuoga. Muda huo vijidudu huwa vimekufa. Lakini saa huhesabiwa tangu dumu la mwisho lilipomiminwa. Ukiongeza maji kila asubuhi, hujawahi kufikisha 48. Kuogelea ni vivyo hivyo: sehemu zenye majani na konokono, pale maji yalipotulia, ndizo mbaya zaidi. Kama watoto walishaoga huko, wapelekwe wakapimwe, hata kama hawaumwi.

## Hatua ya 6: Kazi ya kila siku jikoni

Fuata mpangilio huu: kuchuja, kuua vijidudu, kuhifadhi. Ukiupindua, unafanya kazi mara mbili na kupata matokeo nusu.

### Kuchuja

Maji ya mvua yaliyotulia huhitaji kitambaa tu, kilichokunjwa mara nne na kufuliwa kila siku. Ukitumia chujio la mishumaa ya udongo, lijue lilivyo: linazuia bakteria na minyoo, lakini virusi vingi hupenya. Kwa hiyo chujio peke yake halimalizi kazi, hata kama boksi lake lina picha ya mtoto anayecheka.

Mishumaa isuguliwe kwa brashi laini na maji safi mtiririko unapopungua. Usitumie sabuni, hubaki kwenye udongo na kutoa ladha. Mshumaa wenye ufa hata kama unywele, tupa. Na chumba cha chini cha chujio, ambacho hakuna anayekifungua kwa kuwa “maji yake ni safi”, kioshwe kila wiki. Pitisha kidole ndani ya ukuta wake: ukihisi utelezi, hicho ndicho kinachowaumiza.

### Kuua vijidudu

Kwa kuchemsha. Maji yakitokota uso mzima, hesabu dakika moja, zima. Inatosha. Dakika tatu ni kwa sehemu zilizo juu ya mita 2,000, na Kigoma na Tabora zote ziko chini ya hapo. Kuchemsha dakika ishirini ni kuchoma mkaa, na mkaa ukipanda bei dada ataanza kuruka siku.

Yapoe ndani ya sufuria ileile, mfuniko juu, usiku kucha. Usimimine kwenye beseni yapoe haraka. Ukichemsha maji ya ziwa utaona ukoko mweupe kwenye sufuria. Ni chokaa, na vipande vyake havidhuru. Acha vitulie, kisha mimina taratibu na uache sentimita mbili za chini.

Kwa klorini. Kidonge kimoja cha miligramu 67 kwa ndoo ya lita 20 ya maji meupe. WaterGuard ya maji, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Koroga, funika, subiri dakika 30.

Kwa maji ya ziwa, subiri saa nzima. Ziwa Tanganyika ni la kialkali, pH yake iko karibu na 9, na katika maji ya namna hiyo klorini hufanya kazi polepole. Wengi hawalijui hili. Wanasubiri nusu saa iliyoandikwa kwenye pakiti na wanashangaa. Maji ya mvua hayana tatizo hilo.

Ukiwa na chujio lenye mkaa ndani, tia klorini baada ya kuchuja. Mkaa hunyonya klorini yote, na maji yanayotoka chini hayana kinga tena.

Utajua umefaulu ukifungua mfuniko na kupata harufu hafifu ya klorini. Harufu ikikosekana kabisa baada ya nusu saa, maji yalikuwa machafu na dawa imeisha ikipambana: rudia kipimo mara moja. Harufu ikiwa kali ya kuwasha pua, umezidisha; acha ndoo wazi kidogo chini ya kitambaa safi.

### Kuhifadhi

Ndoo yenye koki, juu ya meza, si sakafuni. Kikombe, kata na mkono havina ruhusa ya kuingia. Mtoto mmoja akichovya kikombe alichonywea, kazi yote ya jana imekwisha.

Tumia ndoo mbili kwa zamu: moja inanywewa, nyingine inatayarishwa. Kila inapokwisha, ioshwe kwa sabuni na maji salama, pamoja na ndani ya koki, ambako utando hujificha. Usiongeze maji mapya juu ya ya jana. Maji yenye klorini yatumike ndani ya saa 24, kwa kuwa nguvu ya dawa hupungua.

Jumamosi jioni tayarisha ndoo ya ziada. Jumapili saa saba mchana, sebule ikiwa imejaa, hakuna mtu anayesubiri nusu saa. Na hapo ndipo dada, kwa aibu ya kuwaacha wageni na kiu, hujaza jagi kwenye koki nyekundu.

## Hatua ya 7: Njia za pembeni ambazo maji hupitia

Familia inakunywa maji salama na bado inaumwa. Pita nyumba nzima ukiangalia haya:

- Mswaki. Weka chupa ya maji ya kunywa bafuni, na kikombe. Watoto hufungua bomba wakisahau, hasa wiki za mwanzo.
- Barafu. Kugandisha hakuui vijidudu. Barafu itoke kwenye ndoo ya kunywa. Juisi ya dukani yenye barafu, iacheni.
- Vyombo. Vikisuuzwa kwa maji ya ziwa na kufutwa kwa kitambaa chenye unyevu, vinarudi na vijidudu. Vianikwe kichanjani juani mpaka vikauke wenyewe.
- Kachumbari. Miezi miwili ya mwanzo, mboga zipikwe au zimenywe. Mkishindwa kujizuia, loweka nyanya na matango dakika 15 kwenye lita 5 za maji zenye mililita 7 za dawa ya klorini ya asilimia 3.5, kisha suuza kwa maji ya kunywa.
- Mikono. Kibuyu chirizi kimoja mlango wa jikoni, kingine nje ya choo, kila kimoja na sabuni iliyofungwa kamba. Sabuni isiyofungwa Kigoma hubebwa na kunguru. Hilo si utani.

Dada wa kazi apewe sababu pamoja na amri. Ukimwambia “usichote kwa kikombe” atatii mkiwa nyumbani. Mwonyeshe ule utelezi kwenye ukuta wa chujio kwa kidole chake mwenyewe na ataitetea ndoo kuliko wewe. Na maji hayo anywe na yeye pia. Nyumba ambayo familia inanywa bluu na dada anapewa nyekundu inasemwa sokoni Mwanga kabla ya wiki kuisha, na inastahili kusemwa.

## Hatua ya 8: Mkiwa ugenini

Kazi ya mmisionari ni kutembelea watu, na mgeni hupewa maji. Kukataa kikombe cha mama mzee aliyekichota mbali ni vibaya. Kukinywa bila kujua kilikotoka, hasa msimu wa kipindupindu, ni hatari. Kuna njia ya katikati, na inaanza kabla hamjakaa.

Mwinjilisti au mzee anayewasindikiza atangulize neno siku moja kabla: “Wageni wetu wanapenda chai.” Chai ya moto imechemka, uji umechemka, na mwenyeji amewakirimu kwa heshima yake yote. Mkifika bila taarifa, omba mapema, kabla maji hayajaletwa: “Mama, ukitujalia chai ya moto tutashukuru sana.”

Kikombe cha maji kikishaletwa, kipokee kwa mikono miwili, shukuru, kiweke mezani mbele yako. Hakuna atakayekulazimisha. Kinachoumiza ni kutoa chupa yako ya plastiki begani na kunywa huku kikombe chake kinakuangalia. Chupa yenu inyweni njiani.

Salama zaidi kula: mihogo na viazi vya kuchemsha, ndizi mbivu za kumenya, migebuka na dagaa waliopikwa papo hapo. Soda ifunguliwe mbele yenu. Mikono mkinawishwa kwa jagi na beseni, ikung'uteni ikauke hewani. Msijifute kwa taulo linalozunguka watu wote.

## Kama nyumba iko Tabora

Mvua na hesabu ya tenki havitofautiani sana, ila ziwa halipo. Mjini bomba sasa huleta maji ya Ziwa Viktoria; nje ya mji ni visima.

Maji ya kisima kifupi yakiwa na rangi ya maziwa au tope, klorini itaisha kabla ya kuua chochote. Yaache yatulie saa 12, mimina ya juu, chuja kwa kitambaa, ndipo utie vidonge viwili badala ya kimoja. Kisima kirefu kipya kipimwe kwenye maabara ya maji ya serikali kabla familia haijahamia, na uombe kipimo cha floridi kwa jina. Floridi haina ladha wala rangi, haiuawi kwa kuchemsha, na kadiri maji yanavyopungua kwenye sufuria ndivyo inavyozidi. Huharibu meno ya watoto wanaokua.

## Mtu akiharisha pamoja na yote haya

Anza kumpa maji ya chumvi na sukari papo hapo: lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa. Chumvi ikizidi inadhuru, hasa mtoto, kwa hiyo onja: isiwe na chumvi kuliko machozi. Pakiti za ORS za duka la dawa ni bora zaidi.

Choo kikiwa kama maji ya mchele na kinatoka kwa wingi, kukiwa na damu, homa, mtoto akilegea au akikosa mkojo kwa muda wa saa sita, nendeni kituo cha afya sasa hivi, huku mkimnywesha njiani. Msingoje mchungaji arudi safari.

Mgonjwa akishapata huduma, rudini Hatua ya 7 na mpite nyumba upya, mkianza na koki ya ndoo.

## Mkienda likizo ya nyumbani

Familia nyingi huondoka kwa miezi kadhaa na kuacha chujio limejaa. Wakirudi wanakunywa wiki ya kwanza maji yaliyolala humo.

Kabla ya kuondoka: mwaga maji ya ndoo zote, kausha mishumaa juani siku mbili, izungushie kitambaa na iweke kavu. Acha koki za ndoo wazi. Ondoa kiungo cha gata kinachoingia tenkini kama ni kiangazi, ili vumbi na majani visikusanyike, na mwachie mlinzi kazi ya kukirudisha na kusafisha tenki mwishoni mwa Septemba, huku karatasi ya vipimo vya Hatua ya 4 ikiwa imebandikwa stoo.

Mkirudi, maji ya chujio ya mara mbili za mwanzo yamwagieni maua. Vidonge vya klorini vitazameni tarehe. Vilivyopita muda wake au vilivyoshika unyevu vitupwe chooni.